Na kama siye?

Swali hili hulijia baraza la kahawa la Tandika likiwa na sura ileile kila mara. Bomu limetegwa sokoni, saa inakwenda, aliyelitega mmemkamata na hataki kusema. Mtamfanya nini? Nililisikia mwaka 2017, askari polisi wanane walipouawa kwa risasi Kibiti, saa chache tu ukiifuata Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala. Nikalisikia tena Septemba 2022, vijana wa magenge ya panya road walipokuwa wakiingia majumbani mwa watu na mapanga. Sijaona hata siku moja baraza likigawanyika. Wote watambana mpaka aseme. Mzee mmoja mpole, mtu ambaye hata paka hamfukuzi kwa sauti, alitoa jibu lake huku akipuliza kikombe: yeye angeanza na vidole.

Sitajifanya malaika. Mwanangu akiwa ndani ya soko hilo, nami nitambana, tena huenda nikamtangulia yule mzee. Ila nimefika umri wa kulitazama swali lenyewe kabla ya kulijibu, na kila nikilitazama naona limekuja na jibu tumboni. Linasema "aliyelitega". Hukumu imeshatoka kabla mtuhumiwa hajakalishwa kitini. Wanafalsafa wa Ulaya na Marekani nao wamelumbana juu ya mfano huohuo kwa miongo mingi, na wengi wao huanzia palepale: tuchukulie kwamba mliye naye ndiye. Mimi nataka kuanzia nyuma ya hapo, na Dar es Salaam inanipa ruhusa hiyo, maana sisi bomu letu hatukulisoma kitabuni.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na dakika arobaini asubuhi, lori lililosheheni baruti na mitungi ya gesi lililipuka kwenye lango la Ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay, wilayani Kinondoni. Watu 11 walikufa. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walikufa 213. Hesabu ya Dar es Salaam ingekuwa kubwa zaidi kama gari la kubeba maji lisingekuwa limesimama langoni na kupokea sehemu ya kishindo. Bomu lilikuwa limeundwa katika nyumba ya kupanga Ilala, katikati ya makazi ya watu. Waliokuwa mjini siku ile wanajua hasira iliyofuata ilikuwaje. Angekamatwa mtu jioni ile mtaani, asingefika kituoni.

Mlipuko ule na msako uliofuata uliwapitisha Watanzania watatu, wote wenye asili ya Zanzibar, mikononi mwa Wamarekani kwa njia tatu tofauti. Sijui mahali pengine duniani ambapo swali la baraza letu limejaribiwa kwa mfano ulio karibu hivi.

Wa kwanza ni Khalfan Khamis Mohamed. Alikamatwa Cape Town, Afrika Kusini, Oktoba 1999, akiishi kwa jina bandia. Maofisa wa FBI walimhoji kwa maneno, naye akaeleza sehemu yake katika maandalizi ya Ilala. Mwaka 2001 alishtakiwa New York pamoja na wenzake watatu, ushahidi ukasimama, akakutwa na hatia na kufungwa maisha. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema mwaka huohuo kwamba nchi ile ilikosea kumkabidhi bila kwanza kupata ahadi kuwa hatanyongwa. Hilo ni kosa la utaratibu, na lilisemwa hadharani na mahakama ya nchi iliyomkamata. Hakuna aliyedai kwamba maneno yake yalitoka kwa kipigo.

Wa pili ni Ahmed Khalfan Ghailani. Huyu alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004. Kati ya kukamatwa kwa hao wawili kulikuwa kumepita mashambulio ya 11 Septemba 2001, na Marekani ilikuwa imejitangaza iko vitani. Wanasheria wa serikali walikuwa wameandika hati Agosti 2002 wakibana maana ya neno "mateso" mpaka karibu hakuna kilichobaki ndani yake. Ghailani akapelekwa kwenye magereza ya siri ya CIA, akakaa huko miaka miwili, kisha Guantanamo Septemba 2006. Alipofikishwa mahakamani New York mwaka 2010, waendesha mashtaka walikuwa na shahidi mzito: Mtanzania aliyekuwa tayari kusema kwamba alimuuzia Ghailani baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo. Sababu yake ilikuwa fupi: serikali isingemjua kama Ghailani asingelazimishwa kumtaja. Novemba 17, 2010, baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika makosa 284 na likampata na hatia katika kosa moja. Kosa hilo moja lilitosha kumfunga maisha, lakini familia za waliokufa Laibon hazikusikia hata shtaka moja la mauaji likithibitishwa dhidi yake.

Wa tatu ni Suleiman Abdullah Salim, mvuvi. Machi 2003 alikamatwa Mogadishu na wapiganaji wa mbabe wa vita mmoja wa Kisomali na kukabidhiwa kwa Wamarekani, waliomshuku kuwa na uhusiano na al-Qaida ya Afrika Mashariki. Alipelekwa Afghanistan, kwenye gereza ambalo CIA ililiita COBALT. Kwa maelezo yake mahakamani, huko alifungwa minyororo gizani, akamwagiwa maji ya baridi kali, akapigwa, akatiwa kwenye sanduku, muziki ukipigwa kwa sauti ya kupasua masikio usiku na mchana. Taarifa ya Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani, ambayo muhtasari wake ulitolewa Desemba 2014, ilimtaja miongoni mwa waliofanyiwa mbinu hizo. Alikaa kizuizini miaka mitano. Agosti 2008 aliachiwa na karatasi ya jeshi la Marekani inayosema kwamba si tishio, akarudi Zanzibar. Hakuwahi kushtakiwa kwa lolote.

Sasa mrudishe huyu wa tatu kwenye mfano wa baraza. Yeye ndiye mtu aliyekaa kitini. Saa inakwenda, hataki kusema mahali lilipo bomu, na kila anavyokaa kimya mtesaji anazidi kuamini kwamba amepata gaidi sugu. Kumbe anakaa kimya kwa sababu hana la kusema. Mwenye siri ana namna ya kuyakomesha mateso yake, maana ataitoa. Asiye na siri hana mlango wa kutokea isipokuwa kubuni, na akibuni, askari watakwenda kulitafuta bomu Kariakoo wakati limetegwa Mbagala. Mpango wa aina hii, kwa hiyo, humuumiza zaidi yule ambaye hakufanya kitu. Sijasikia mtetezi wake akiligusa jambo hili kwa kulikaribia. Wengi hulikwepa kwa kusema kwamba wao watahakikisha kwanza. Seneti ilipohesabu watu 119 waliopita katika magereza yale, iliona kwamba angalau 26 hawakustahili kushikiliwa kabisa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. Hao ndio waliohakikisha, wakiwa na setilaiti na fedha. Wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile, James Mitchell na Bruce Jessen, walikuwa na kampuni iliyolipwa dola milioni 81.

Tusiwacheke Wamarekani. Januari 2006, hapahapa, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walikamatwa na polisi Sinza wakapelekwa msitu wa Pande na kupigwa risasi. Umma uliambiwa ni majambazi waliokufa wakirushiana risasi na askari. Nakumbuka jinsi habari ile ilivyopokelewa: watu walishangilia. Tume ya Jaji Mussa Kipenka ndiyo iliyoonyesha kwamba hakukuwa na mapambano wala ujambazi. Kesi ilizunguka miaka kumi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja na kuwaachia wengine. Pande palikuwa mauaji, si mahojiano, lakini mzizi wake ni uleule wa kuwa na uhakika mapema.

Wapo watakaosema hoja hii ya kumwonea huruma mtuhumiwa ni ya Wazungu. Yule mzee wa kahawa aliniambia hivyo. Nikamkumbusha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kazi yake ya usuli wa fiqhi alilichambua swali la kumpiga mtu aliyetuhumiwa wizi ili akiri. Wapo walioona inafaa kwa ajili ya maslahi ya umma, na rai hiyo ilinasibishwa na Imamu Malik. Ghazali aliikataa. Huenda hakuiba, alisema kwa maana, na kumwacha mwenye kosa bila kipigo ni jambo jepesi kuliko kumpiga asiye na kosa. Haki inataka niseme pia kwamba walikuja baadaye wanazuoni wakubwa walioruhusu kumpiga mtuhumiwa ambaye uovu wake unajulikana. Mzee akafurahi hapo. Lakini ona, "unajulikana" ndilo lile lile "aliyelitega", limevaa kanzu. Nani anajua, na amejuaje?

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja ambazo hazifutiki kwa kusema tu kwamba mateso hayafanyi kazi. Wakati mwingine yanafanya. Mwaka 2002, mjini Frankfurt, Ujerumani, mtoto wa miaka 11 alitekwa na mtekaji akakamatwa. Wolfgang Daschner, naibu mkuu wa polisi wa mji huo, aliamuru atishwe kwamba ataumizwa vikali asipoonyesha mtoto alipo. Mtekaji akasema. Huu ndio mfano wa darasani ukiwa umetimia, kwani waliyemkamata alikuwa ndiye, na kitisho kilitoa ukweli. Mtoto alikuwa ameshauawa. Daschner alishtakiwa, akapatikana na hatia Desemba 2004, na adhabu yake ikawa onyo na faini iliyoahirishwa. Wapo wanaoicheka hukumu hiyo kwamba haikuamua. Mimi naiheshimu kuliko falsafa nyingi nilizosoma. Ilikataa kuligeuza tendo lile kuwa halali, na ilimtazama aliyelitenda kama binadamu aliyekuwa akimtafuta mtoto. Mwanafalsafa wa Kimarekani Michael Walzer alikuwa ameandika mwaka 1973 juu ya kiongozi mwenye mikono michafu, anayelazimika kutenda ubaya na kisha hana haki ya kuuita wema. Daschner alikwenda hatua moja mbele: aliandika mwenyewe katika jalada alichoamuru. Hakujificha. Ni watesaji wangapi unaowajua wameacha maandishi?

Pendekezo la Alan Dershowitz, aliyekuwa mwanasheria wa Harvard, ni tofauti. Yeye alisema baada ya 2001 kwamba kwa kuwa mambo haya yatafanyika tu, ni afadhali yafanyike kwa kibali cha jaji. Linasikika la busara, na limeshajaribiwa kwa sura nyingine. Mwaka 1987 tume ya Landau nchini Israel iliruhusu kile ilichokiita shinikizo la kiasi la kimwili, kwa ajili ya hatari kubwa tu. Kufikia 1999 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilizipiga marufuku mbinu hizo, baada ya miaka kumi na miwili ambayo kipimo cha "kiasi" kilikuwa kimekuwa kazi ya kila siku kwa mamia ya mahabusu. Mahakama iliacha mlango mmoja, kwamba ofisa aliyetenda kwa dharura ya kweli anaweza kujitetea akishashtakiwa. Kibali cha mapema hakipo. Naona hapo ndipo jibu la busara lilipo, na si mbali na Frankfurt.

Kwamba mateso hutoka kwenye tundu lake na kwenda kutafuta kazi kwingine, Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa. Wakati wa hali ya hatari Kenya, kuanzia 1952, Waingereza walijenga mfumo wa kambi ambamo wafungwa wa Mau Mau walipigwa ili wakane kiapo chao. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana mwaka 1957 kwamba kama ni kutenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Machi 3, 1959, kambini Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa, na maelezo ya kwanza ya serikali yalikuwa kwamba wamekufa kwa kunywa maji. Miaka 54 baadaye, Juni 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Katika jeshi la King's African Rifles lililowasaka Mau Mau kulikuwa na askari mmoja wa Uganda aliyeitwa Idi Amin. Na Kenya huru haikuyatupa mafunzo hayo: miaka ya 1980 watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya Nairobi, na hakukuwa na vita yoyote nchini.

Sisi tulikwenda kumtoa madarakani huyo Amin. JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na kule Nakasero, kwenye ofisi za kikosi chake cha usalama, wakakuta tulichosimuliwa kwa miaka mingi: mahabusu, maiti, na vyumba ambavyo damu ilikuwa imeshakauka ukutani. Kizazi changu kilikua kikiamini kwamba hiyo ndiyo tofauti kati yetu na yeye.

Ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa, lakini miaka mitatu kabla ya Nakasero kulikuwa na Mwanza na Shinyanga. Vikongwe walikuwa wakiuawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 1976 serikali iliendesha operesheni ya kuwasaka wauaji. Nia ilikuwa njema. Nani asiyetaka wauaji wa bibi zetu wakamatwe? Polisi na maofisa wa usalama waliwakusanya watu wengi, wakawatesa ili wataje, na baadhi walifia mikononi mwao. Hapa ndipo nchi yetu ilifanya jambo ambalo sijaona likitajwa vya kutosha katika mjadala huu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu, ingawa hakuna aliyesema kwamba alishika kirungu wala kutoa amri. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Wakuu wengine walijiuzulu pia, maofisa kadhaa wakashtakiwa na kutiwa hatiani, na Mwinyi akapelekwa ubalozini Misri. Mwaka 1985 alikuwa Rais. Kuwajibika hakukumzika kisiasa. Wanaodai leo kwamba kukiri mateso kutaliangusha jeshi la polisi wanasahau kwamba tumeshawahi kukiri, na polisi wakaendelea kuwepo.

Sheria ya vita, kwa wale wanaoishika vita kama udhuru, ndiyo kali kuliko zote. Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kumtesa mateka hata awe adui wa namna gani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 dhidi ya mateso unaitaja vita kwa jina, pamoja na tishio la vita na hali ya hatari, na kusema hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuwa kisingizio. Waliouandika walijua kisingizio kitakachotolewa. Wala neno "vita" halina ugumu kupatikana: tuna vita dhidi ya ugaidi, vita dhidi ya dawa za kulevya, vita dhidi ya panya road. Mei 2025 mwanaharakati wa Kenya, Boniface Mwangi, na wa Uganda, Agather Atuhaire, walikamatwa Dar es Salaam walipokuja kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani, Tundu Lissu. Wanasema waliteswa, madai ambayo polisi hawakuyakubali, na wamefungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Bomu hapo lilikuwa lipi?

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), imepiga marufuku mateso waziwazi. Tatizo liko chini kidogo ya Katiba. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ushahidi ya 1967 kinasema ungamo halitakataliwa kwa sababu tu lilitanguliwa na ahadi au kitisho, mpaka mahakama ione kwamba kitisho hicho kingeweza kumfanya mtu akiri uongo. Yaani sheria inaanza kuuliza kama alichosema ni kweli, ndipo itazame alifanywa nini. Kaplan aliuliza kinyume chake. Majaji wetu hukataa maungamo ya kipigo mara nyingi, haki yao niwape. Lakini mzigo huangukia kwenye kile mawakili wanachokiita kesi ndani ya kesi, ambapo neno la mahabusu hupimwa dhidi ya neno la askari aliyeandika maelezo ya onyo, na hakuna wa tatu aliyekuwa chumbani. Wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2021, katika kesi ya ugaidi ya mwanasiasa wa upinzani, Freeman Mbowe, na wenzake watatu. Mmoja wa washtakiwa, askari wa zamani wa JWTZ, alidai aliteswa kabla ya kuandika maelezo yake. Jaji Mustapha Siyani alilitupa pingamizi hilo na kuyapokea maelezo. Machi 2022 mashtaka yote yakafutwa, na hakuna mahakama nyingine iliyolitazama dai lile.

Hoja ninayoisikia ikitolewa dhidi ya Tanzania kuuridhia ule mkataba wa 1984 ni kwamba Katiba inatosha. Wengine wanahofia utaifuta adhabu ya viboko. Kama Katiba inatosha, mkataba hautatuongezea mzigo. Kama haitoshi, ndiyo sababu ya kuuridhia. Uganda iliuridhia mwaka 1986, Burundi 1993, Kenya 1997, Rwanda 2008. Tanzania mpaka naandika haya haijauridhia. Mbunge wa Temeke au wa Kinondoni anaweza kumuuliza waziri sababu katika kikao chochote cha Dodoma, na mpiga kura wake anaweza kumtuma.